Leso Isiyo na Jina

Jumanne walipandisha juu ya paa la Bi Shekuwe
vioo kumi na viwili,
kwa kamba, kwa mabega, kwa maneno mengi,
na mimi dirishani, ghorofa ya tatu, Kibokoni,
cherehani imesimama,
sindano imekwama katikati ya pindo.

Sijui umeme. Najua leso.
Miaka thelathini na mmoja nimepinda leso za watu.
Jicho langu hupima kabla ya mkono,
na nikiona ukingo umekwenda upande
tumbo lanisokota.

Bwana Abdulhalim wa kamati alikuwa ameshakuja,
akasimama chochoroni na mwavuli wake:
Mtaharibu uso wa mji!
Uso wa mji. Nilicheka peke yangu,
maana kutoka hapa juu uso siuoni,
naona utosi:
mabati yenye kutu rangi ya tambuu,
matangi meusi yamechuchumaa kama watu wangojao zamu ya choo,
madishi yaliyokufa, yangali yametega sikio,
godoro, baiskeli isiyo gurudumu.
Utosi huu, nani aliwahi kuuchana nywele?

Basi wakaweka safu ya kwanza.
Mshazari.
Nikafungua dirisha lote, nikaita:
We fundi! Safu imekwenda kombo!
Akainua kichwa, kijana wa Kilifi, jina lake Nyale.
Mama, jua ndilo litakalo hivyo.
Nikamwambia, jua halina macho,
sisi tunayo, na ni sisi tutakaoamka na kitu hicho kila siku.
Akakuna shingo.
Akashuka, akapanda,
akapima kwa kamba ile roshani ya Bi Shekuwe,
ya mbao iliyotobolewa nyota nyota,
akasogeza safu mpaka ikaandamana nayo,
mwinamo wa jua akauacha palepale.
Sikumshukuru. Nilirudi kwenye pindo langu.

Lakini alasiri, jua lilipoanza kulala ubavu,
nilishindwa kushona.
Buluu ile si ya bahari, wala si ya samawati ya shule,
ni nili kabla haijaonja maji,
buluu inayofikiria kuwa nyeusi,
na ndani yake mistari ya fedha
myembamba kuliko uzi wangu mwembamba kabisa.
Kila kioo kina pindo lake,
kila kioo kina mji wake,
vimepangwa jozi jozi, kama vilivyotoka dukani.
Wingu likapita chini, paani, taratibu,
likavuka kutoka leso hadi leso bila kukanyaga mshono.
Kunguru akatua, akateleza,
akamkuta kunguru mwingine amesimama kichwa chini, miguu kwa miguu.
Akamdonoa. Akangoja ajibiwe.
Mbingu nzima imeanikwa kwa Bi Shekuwe
na haichuruziki.

Kimekosa kitu kimoja tu. Jina.
Leso bila jina ni shuka.
Nimejaribu: *Nikimeta, yakuuma wapi?*
Hilo lamfaa Bwana Abdulhalim,
lakini Bi Shekuwe si mtu wa mipasho.
Nimejaribu: *Kimya changu kina kazi.*
Zuri, ila laonekana limevaliwa sana.

Usiku wa Alhamisi stima zikapotea mtaa mzima.
Giza likaingia, na makelele ya watoto,
na mtu akajikwaa akataja mama wa mtu.
Kisha roshani ya Bi Shekuwe ikawaka,
na nyota zote zilizotobolewa na fundi aliyekwisha kufa
zikatoka, zikavuka kichochoro,
zikajibandika ukutani kwangu,
juu ya chokaa iliyobambuka,
juu ya mkono wangu, juu ya mkasi.
Nikakaa hivyo hivyo. Sikutafuta mshumaa.

Asubuhi nikatazama tena.
Kioo cha tatu kutoka kushoto
kimetoka nje ya mstari, vidole viwili.
Nimempigia Nyale.
Asema atakuja Jumamosi, na kwani mama
wewe hulali?